Anayemdai Bwanaheri Ajitokeze

Saadani,
20 Januari 2025

Wifi yangu Wahida,

Assalaam alaykum. Natumai ulifika Bagamoyo salama baada ya msiba. Huku hatujambo, kama watu wote wanavyosema wasipojua waseme nini. Mimi niko edani. Nakaa chumbani, naletewa chakula, narudisha sahani. Wanawake wanaingia wananichungulia usoni waone kama nimelia. Sijalia, Wahida. Moyo umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Siku nikilia nitakuandikia.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu ya marehemu, ambayo tulikuwa tukiitumia wawili, imefungwa na kampuni yenu. Ya shemeji Shamsudin ipo, lakini mpaka utoke uende barabarani ndipo mtandao upatikane, na mimi siruhusiwi kutoka. Hata ningeruhusiwa, pale barabarani kila mtu angesikia mambo ya nyumba yetu. Barua atakuletea Bwanausi kwenye gari lake la samaki na kamba.

Siku ya maziko Shamsudin alisimama kaburini akatangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai Bwanaheri ajitokeze. Ndani kwetu wanawake likatangazwa vilevile, na wewe ulikuwepo. Fundi wa pikipiki alikuja akalipwa. Mwenye duka la unga alikuja, akasema mbele ya watu, nimemsamehe, na alivyosema nikaona kama mtu ametoa jiwe juu ya mtungi. Kampuni ya simu haikuja. Lakini kila nikiishika ile simu, kioo kinasema, "Mteja mpendwa, kifaa hiki kimefungwa. Lipa mkopo wako leo." Simu haikubali kupiga wala kupokea, ila kengele yake ya kumwamsha aende kazini hifadhini bado inalia kila alfajiri.

Simu yenyewe siitaki. Ninachotaka ni mume wangu asilale na deni. Wewe ndiye uliyemuuzia kaka yako, na uko palepale dukani. Niulizie anadaiwa nini, na nani mwenye deni.

Wifi yako,
Sihaba

---

Bagamoyo,
29 Januari 2025

Wifi Sihaba,

Waalaykum salaam. Shikamoo. Barua nimeipata.

Kuhusu simu. Siku hizi kuna kanuni mpya. Kampuni inayouza simu kwa kulipwa kidogo kidogo inahesabiwa kuwa imekopesha, na anayekopesha lazima awe na leseni ya kukopesha. Yetu ilikuwa na leseni ya kuuza maneno hewani tu. Kwa hiyo madeni yote ya simu yamehamishiwa kwa kampuni ya mikopo iliyoko Dar es Salaam, na dukani haturuhusiwi kupokea hata senti. Akitokea mtu akasema ametumwa kukusanya, usimpe kitu.

Nitamwuliza Bwana Iqbal, mwenye duka, utaratibu wa deni la marehemu ukoje. Wewe usijisumbue. Simu iweke kabatini.

Mimi sijambo. Kazi ni nyingi.

Wahida

---

Saadani,
11 Februari 2025

Wifi yangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikaigeuza nyuma nione kama kuna muhuri. Umeniandikia kama mteja. Mimi ni wifi yako, niliyekuona ukivuliwa viatu na kaka yako ukalia uwanja mzima kwa sababu alikuwa anakwenda kuvijaribu yeye. Niandikie kama mtu.

Hebu nieleze jambo hili. Mwezi wa tisa mwaka jana Bwanaheri alirudi kutoka Bagamoyo amechangamka, akasema, nimemaliza simu. Nikamwuliza kama amepewa karatasi ya kumaliza, akasema haina haja, bei ya simu ni bei ya simu na yote ameshailipa. Baadaye kidogo simu ikafungwa. Nikamwambia, mbona wamefunga na wewe umemaliza? Akasema wanadai kitu kingine ambacho si deni, na yeye hakigusi. Akanionyesha ule ujumbe. Mwishoni pameandikwa neno riba. Basi tukaiacha hivyo. Akawa anatumia simu ya kambi, mpaka siku ile alipoanguka akiosha gari la wageni.

Sasa mimi nimekaa hapa sina kazi ila kuwaza, na hata kuwaza kwenyewe kunapita mbali, kama ninasikia majirani wakizungumza. Kama alimaliza, anadaiwa nini? Na kama anadaiwa, basi yupo mwenye haki yake, na mwenye haki ana mdomo. Aseme tu, nimesamehe, kama alivyosema mwenye duka la unga. Hata huyo Iqbal akitosha, aseme yeye, nawe usikie kwa masikio yako. Shemeji Shamsudin anataka kusoma hitima eda yangu ikiisha, na mimi sitaki watu wale pilau huku marehemu anadaiwa.

Na wewe, unalia? Nakuuliza kwa sababu siku ya msiba nilikuona umekaa kwenye mkeka ukutani, kimya, macho makavu kama yangu. Nikasema, huyu naye.

Sihaba

---

Bagamoyo,
24 Februari 2025

Wifi Sihaba,

Shikamoo. Haya, nakuandikia kama mtu.

Zamani mteja alikuwa akitoa kianzio, anachukua simu, kisha analipa kidogo kila siku. Tulikuwa hatusemi mkopo. Tulisema kununua polepole. Ile ziada juu ya bei tuliiita gharama ya huduma, na mara nyingi hatukuiita chochote, maana hakuna aliyeuliza. Kanuni ikaja ikasema, mwambieni mtu bei ni hii, ziada ni hii, na muiite kwa jina lake, kwenye karatasi na kwenye kioo cha simu. Na jina lake kwa Kiswahili cha serikali ni riba. Kanuni ilikuwa na haki. Watu walikuwa wakilipia simu moja karibu bei ya mbili bila kujua.

Lakini hapa ni Bagamoyo. Lile tangazo lilipobandikwa dukani, Bwana Iqbal alilikuta limetundikwa pembeni ya Ayatul Kursiy yake, akahamisha Ayatul Kursiy kabla hajavua viatu. Mzee mmoja aliirudisha simu ameifunga kwenye leso ili vidole vyake visiiguse. Hajra, yule wa maandazi wa Zinga, alikuja juu kweli. Alisema, "Mwaka mzima mmenilisha haramu kwa kijiko mkaniambia ni sukari." Ziada haikuongezeka hata shilingi, ila jina lilikuwa jipya. Waliokuwa wakilipa bila neno wakaacha kulipa, wakaona wamefuata dini. Kaka alikuwa mmoja wao.

Nimemwuliza Bwana Iqbal. Amesema deni la mtu aliyekufa hufutwa. Kwa hiyo limefutwa. Chukua kwamba ndiyo kusamehewa kwenyewe. Mwambie kaka Shamsudin asome hitima yake bila wasiwasi, na jambo hili tuliache.

Umeniuliza kama ninalia. Hapana. Ninaamka, nakunywa chai, jioni inafika.

Wahida

---

Saadani,
10 Machi 2025

Wahida,

Ramadhani njema. Kufuturu kwangu ni tende na uji, siko mbali na kitanda.

Barua yako ilinipa usingizi kwa siku kadhaa. Nilijiambia, limefutwa, basi. Kisha shemeji Shamsudin akaichukua ile simu kwenda nayo barabarani, akitaka kuona kama imefunguka. Ilipopata mtandao ilijiwasha upya na kioo kikabadilika. Sasa hakuna tena mteja mpendwa. Kimeandika jina la kampuni ya mikopo, namba ya leseni yao, bei, riba iliyobaki, na chini yake mstari huu ambao nimeunakili kwa mkono wangu:

"Mkopaji: Wahida Athumani. Taarifa zako zimewasilishwa kwenye orodha ya wadaiwa sugu."

Mwanzoni nilidhani wamekuandika kama muuzaji. Kisha nikadhani umelihamishia deni kwako baada ya barua yangu, nikasikia aibu. Lakini Shamsudin akaniambia tarehe ya mkopo iliyoandikwa ni ya siku ileile simu iliponunuliwa. Kwa hiyo ni wewe tangu mwanzo.

Nikamwita Bwanausi mlangoni, nikamwuliza barua zangu anazipeleka wapi. Akajikunakuna. Akasema huwa hafiki nazo dukani Bagamoyo, unamwambia azishushe Zinga kwa Hajra wa maandazi, na wewe uko hapo unakanda unga. Akasema dukani hukuonekana tangu kabla ya msiba.

Kwa hiyo kazi si nyingi, na Iqbal hukumwuliza kitu.

Sikuchukii. Hata kukasirika sijaweza, ninatafuta hasira siioni ilipo. Ila nataka kujua. Kama jina ni lako, kampuni haimdai Bwanaheri, inakudai wewe. Na kama inakudai wewe kwa ajili yake, basi anayemdai mume wangu ni wewe, na ulikuwa umekaa kwenye mkeka wakati linatangazwa.

Niambie ukweli, wifi.

Sihaba

---

Zinga,
17 Machi 2025

Wifi Sihaba,

Shikamoo. Safari hii nimeandika mahali nilipo.

Kaka alipokuja kuchukua simu, mashine ilimkataa. Karani aliyemwandikisha kitambulisho alidhani Bwana ni heshima tu, akaliacha, akaandika Heri. Laini yake ya simu imeandikwa Bwanaheri. Mashine ikasema hawa ni watu wawili. Tulicheka sana siku ile. Nikamwambia, leo mimi ndiye Bwanaheri, nikaweka kidole changu. Wengi dukani tulifanya hivyo kwa ndugu zetu.

Mwezi wa tisa, lile neno lilipotoka, alikuja mwenyewe. Akaweka kaunta bei yote iliyobaki, noti zimenyooshwa vizuri, akasema, "Nilinunua simu, Wahida. Sikukopa." Nikamwambia iliyobaki ipo kwa jina langu, na kwa kanuni mpya wataanza kupeleka majina ya wasiolipa. Akasema riba hagusi, hata iwe ya nani. Nikamwambia, kaka, ni mimi hapa. Akasema, "Mungu atakulipa." Akanishika bega, akaondoka kwenda kupanda gari.

Kisha wakaja wakaguzi kuhakikisha kila mkopo uko kwa jina la anayeshika simu. Tulioazimisha majina yetu tukarudishwa nyumbani. Hiyo ilikuwa Novemba. Nilikuwa nimeomba nafasi duka jingine, nao wakaangalia orodha, wakaniona mdaiwa sugu, wakasema hawawezi kumkabidhi droo ya fedha mtu wa namna hiyo. Sasa nakanda unga kwa Hajra, naye ni mtu mwema, hanidharau.

Kaka sikumwambia. Si kwamba nilimficha. Nilikuwa nangoja aje aniulize. Nilisema, ipo siku atapita Zinga, ataniona mikono ina unga, ataniuliza, na nitamjibu. Badala yake ikaja simu ya Shamsudin kwamba ameanguka.

Lile tangazo nililisikia. Ningesimama niseme nini, nguo za msiba ziko mwilini? Kwamba namdai kaka yangu jina?

Sasa unataka niseme nimemsamehe. Nimejaribu, wifi. Nimejifungia chumbani nikatamka. Maneno yanatoka kama natangaza bei ya vocha. Sina hasira naye, na simlilii pia. Nimekaa tu. Siwezi kumpa maiti neno tupu, na wewe ukalipokea ukasomea hitima. Ndiyo maana nilikuandikia kwamba limefutwa. Nilidhani kukudanganya ni afadhali kuliko hivyo.

Wahida

---

Saadani,
25 Machi 2025

Wifi yangu Wahida,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, nikairudisha ile simu, shahidi wake, kabatini, nikakaa. Nilikuwa nimekusudia kukuomba useme hivyohivyo, hata kwa sauti ya vocha. Sikuombi tena.

Ile siku ya mwezi wa tisa alirudi na furaha, akasema amejitoa kwenye riba, na mimi nikamsifu. Nikamkaangia samaki. Hatukukutaja wewe. Yeye hakunieleza kuhusu jina, nami sikuuliza ile iliyobaki imebaki kwa nani. Alijifuta mikono kwenye kanga yako akaondoka akiwa safi.

Hajakuomba radhi, wala sasa hawezi. Basi nakuomba mimi. Bwanaheri alikosea. Dini ya kumtupia dadako uchafu siijui. Nimeandika sentensi hiyo nikiwa edani kwake, nimevaa nguo za eda yake, na mkono ulikataa mara nyingi kabla haujaandika. Lakini alikosea, nawe ulikuwa na haki ya kuulizwa hali.

Pikipiki nimeiuza kwa Bwanausi. Shemeji Shamsudin amekubali, kwa kuwa haki za watu hutangulia kabla ya mirathi. Fedha iko kwenye bahasha hii, kailipe hiyo riba yote ili jina lako litoke. Shamsudin hakupenda. Aliniambia anayeila riba na anayeilipa wote wako pamoja. Nikamwambia katika jambo hili kila kitu kimeandikwa kwa jina la mtu mwingine, basi dhambi yake iandikwe kwa jina langu. Kisha akasema niongeze nauli yako.

Kuhusu neno la kusamehe, likija lije. Lisipokuja, hitima itasomwa, na mimi nitajua, na Mungu anajua. Sitakudai.

Funga salama.

Sihaba

---

Zinga,
10 Aprili 2025

Wifi yangu Sihaba,

Shikamoo, na heri ya Idi iliyopita. Bahasha niliipata. Niliificha chini ya godoro wiki nzima kwa sababu sikuwa na nguvu ya kwenda popote, kisha Hajra akanifunga mtandio mwenyewe akanisukuma barabarani.

Ofisi ya ile kampuni ya mikopo iko ghorofani Dar es Salaam, baridi tupu. Nilimkuta binti mdogo, ana heshima, akapokea fedha, akanipa karatasi yenye muhuri. Akasema jina langu litatoka kwenye orodha. Nikamwuliza na kazi yangu, akasema hilo halimo kwenye mambo yao. Nikainuka.

Akaniambia nikae kwanza. Kumbe wao huwa lazima wamwulize kila anayefunga mkopo swali moja la mwisho, na jibu hurekodiwa kwa sauti, ili kesho mtu asije akasema alidhulumiwa. Akabonyeza mashine, akasoma kwenye karatasi, hata hakunitazama: "Wahida Athumani, je, una lalamiko lolote dhidi ya mtu yeyote kuhusiana na mkopo huu?"

Nikasema, sina. Nilisema kama mtu anayetaka kuwahi gari. Halikuwa na maana yoyote, wifi, sitaki kukudanganya mara ya pili.

Yule binti akaitazama mashine, akatikisa kichwa. Akaniambia samahani dada, haikushika sauti, naomba urudie, useme kwa nguvu na useme sentensi nzima. Akasoma tena. Dhidi ya mtu yeyote. Na mimi nikafungua mdomo, na aliyenijia mbele ya macho ni Bwanaheri, wala hakuwa maiti, alikuwa amesimama kaunta na noti zake alizozinyoosha, amenishika bega, anaamini kabisa kwamba amenifanyia wema. Na umesema alikosea. Nilikuwa nimelibeba hilo peke yangu tangu mwezi wa tisa, na sasa mtu mwingine amelisema.

Nikasema kwa nguvu, "Sina lalamiko dhidi ya mtu yeyote." Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. Mashine ikashika.

Nililia pale kwenye kiti, wifi, mpaka yule binti akaacha dirisha lake akaja kuniuliza kama nimezidishiwa hesabu. Nikamwambia hapana, nimefiwa na kaka yangu.

Wahida